Ukoka wa Mwalimu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso vizuri, Kipimo alikwenda kwanza kuwajulia hali karoti zake. Ndivyo mama yake alivyosema kwa utani, na hakukosea sana. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alipita kati ya matuta manne yaliyokuwa nyuma ya nyumba, akainama hapa, akachuchumaa pale, kopo la kumwagilia mkono wa kulia na kijiti chenye alama za kupimia mkono wa kushoto. Kijiti hicho ndicho kilichompa jina. Hakupanda mche wowote bila kuupimia nafasi, kwa hiyo mama yake alianza kumwita Kipimo, shangazi zake wakadakia, na siku hizi hata walimu walimwita hivyo.

Tuta la kwanza lilikuwa la karoti, la pili nyanya, la tatu vitunguu, la nne spinachi. Yote yalinyooka kama yamepigwa rula. Kopo la kumwagilia lilikuwa kazi ya mama. Mama Kipimo alikuwa fundi bati. Alirithi kazi hiyo kwa baba yake mzazi pamoja na nyundo tatu, fuawe moja ya kugongea bati, na mkasi wa kukatia bati ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Katika banda lake mbele ya nyumba alitengeneza ndoo, makopo na mifereji ya maji ya mvua, na mlio wa nyundo yake uliwaamsha majirani wote, wapende wasipende.

Muhula huo Kipimo alikuwa na jambo moja tu rohoni. Mwalimu wa kilimo alikuwa na desturi ya kulichukua darasa zima, nyumba kwa nyumba, kukagua bustani za wanafunzi wake. Alikagua mara mbili kwa muhula, na kila mara alitoa alama kumi kwa bustani isiyo na kasoro. Mwenye jumla kubwa kuliko wote alikabidhiwa ufunguo wa kitalu cha shule, na yeye ndiye aliyeamua miche gani ipandwe na wapi. Kipimo aliutaka ufunguo huo tangu darasa la nne. Alishajua hata atauning'iniza wapi nyumbani.

Kizuizi kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha aibu kukitaja. Nyuma ya uzio wa waya, upande wa pili wa tuta la karoti, kulikuwa na uwanja wa jirani. Ukoka ulikuwa umefika magotini, magugu ya kishona nguo yamejaa pande zote, na mimea ya kutambaa imeuparamia uzio mpaka nguzo mbili zimeanza kuinama. Na jirani mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa mwalimu wa kilimo.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mboji, ingawa si mbele yake. Alihamia hapo mwaka uliopita. Alitoka alfajiri na kurudi jua likizama, kwa kuwa bustani ya shule ilimmalizia muda na nguvu zote. Shuleni kabichi zake zilipangana kama askari kwenye gwaride. Nyumbani kwake hata paka alipita kwa tahadhari.

Ukoka haujui mpaka wa mtu. Ulipita chini ya waya, ukatambaa ardhini kimyakimya, kisha ukachomoza katikati ya karoti. Kipimo aling'oa leo, kesho ukarudi.

"Mama," alisema siku moja, akiwa amesimama mlangoni mwa banda, "tafadhali zungumza na mwalimu. Ukoka wake unaniharibia tuta."

Mama aliacha kugonga. "Unataka mimi niende kwa mwalimu wa kilimo nikamfundishe kupalilia? Mwanangu, nitaanzaje? 'Shikamoo mwalimu, nimekuja kukufundisha kazi yako'?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Wewe ndiyo usithubutu kabisa. Yeye ndiye anayekupa alama. Ng'oa upande wetu, mambo yaishe."

Kipimo alirudi bustanini amevimba mashavu. Sawa, alijiambia, kama hakuna wa kunisaidia, nitaumaliza mwenyewe. Alichukua jembe, akaushambulia ukoka uliokuwa ukingoni mwa tuta, akaukatakata vipande vidogo vidogo kama anayekata mboga. Alipomaliza alikuwa na rundo zima. Hapo akakumbuka somo la darasani, kwamba majani mabichi yakifukiwa ardhini huoza yakawa mboji. Akavifukia vipande vyote katikati ya mistari ya karoti, akamwagilia maji mengi, akasimama pembeni mikono kiunoni. Aliona amempiga adui na kumla nyama.

Baada ya wiki mbili, tuta la karoti lilikuwa kijani kibichi. Ila haukuwa ukijani wa karoti. Vijani vyembamba, vikali kama sindano, vilichomoza kila mahali, hata pale ambapo ukoka haukuwahi kufika. Kipimo alichimba kimoja kwa kidole. Chini yake alikuta kipande kile kile alichokikata kwa jembe, na katika kila kifundo chake palikuwa na mzizi mpya. Alichimba cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote vilikuwa hai na vyenye afya kuliko karoti zenyewe. Alikaa chini kwenye udongo, akaona aibu peke yake. Ukoka wa jirani uliingia kwa mistari miwili mitatu tu. Huu mwingine wote alikuwa ameupanda yeye, kwa mikono yake, na kuumwagilia kila asubuhi.

Ilibaki siku moja kabla ya ukaguzi wa bustani. Jioni hiyo alikuja rafiki yake wa darasani, kijana mmoja aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Alilitazama tuta, akapiga mluzi.

"Loo! Hii ni bustani ya karoti au malisho ya mbuzi?"

"Usinicheke. Nitakosa ufunguo."

"Hukosi kitu. Nyoa."

"Ninyoe nini?"

"Nyoa ukoka kama kichwa cha mtoto," alisema Kasuku, akionyesha kwa vidole. "Kata juu, usawa wa udongo, kisha tandaza majani makavu. Mwalimu ataona matandazo mazuri, atakusifu. Mizizi iliyo chini nani ataiona? Yeye si fuko wa kuchimba ardhini."

Kipimo alimfukuza kwa kumrushia bonge la udongo. Lakini maneno yale hayakuondoka naye. Asubuhi yake aliamka mapema kuliko kawaida. Jembe lilikuwa butu mno kwa kazi ya kunyoa, na kisu kiliteleza. Basi akanyemelea bandani, akachukua mkasi wa bati wa mama yake, ule usiogusika, na kwa nusu saa akanyoa ukoka wote mpaka usawa wa udongo. Akatandaza majani makavu juu yake kwa ustadi. Akaurudisha mkasi mahali pake. Tuta lilipendeza kuliko siku zote, lakini hakulitazama mara mbili.

Saa nne darasa lilifika, wanafunzi thelathini na wanane, Kipimo akiwa mmoja wao, Mwalimu Mboji mbele na daftari lake kubwa kwapani. Mama Kipimo alitoka bandani, nyundo ingali mkononi, akasimama kwenye kona ya nyumba.

"Karibu, jirani," alisema.

"Nimeshakaribia, Mama Kipimo. Leo nimekuja na kijiji kizima."

Mwalimu alikagua nyanya, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Akakagua vitunguu na spinachi. Alipofika kwenye karoti aliinama, akalitazama tuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipimo alisikia moyo wake ukipiga kwa nguvu kuliko nyundo ya mama. Mwalimu aliandika, kisha akaligeuza daftari ili darasa lione. Tisa! Hakuna aliyekuwa amepata zaidi ya nane siku hiyo.

"Sogeeni," alisema. "Upande ule wa waya ni kichaka changu. Sina haja ya kukificha, mnakiona, na macho mnayo. Upande huu ni tuta la karoti, hatua mbili tu kutoka kichakani, na sioni jani hata moja la ukoka. Kipimo, hapa mimi ndiye mwanafunzi wako. Tuambie, umeuwezaje? Maana mimi ukoka umenishinda."

Wanafunzi walicheka, kisha wakanyamaza kumsikiliza. Kasuku alikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Lilihitajika neno moja tu: niling'oa. Kipimo alilipata neno hilo, likafika mpaka ncha ya ulimi. Akainua macho, akamwona mama yake pale kwenye kona. Mama alikuwa akitabasamu. Alikuwa amenyoosha shingo, amejaa fahari tele, akimtazama binti yake aliyemshinda hata mwalimu. Fahari hiyo ndiyo iliyomchoma Kipimo, kwa kuwa mama alijivunia kitu ambacho hakikuwepo.

"Mwalimu," alisema, "sijauweza. Nimeunyoa."

"Umefanyaje?"

Kipimo alipiga magoti, akayasukuma majani makavu pembeni. Visiki vya ukoka vilionekana, mamia kwa mamia, kama ndevu za mtu aliyenyoa jana. Darasa lote liliangua kicheko.

"Niliukata leo asubuhi usiuone. Nilitumia mkasi wa bati."

"Mkasi gani?" sauti ya mama ilisikika kutoka kwenye kona. "Mkasi wangu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe." Machozi yalimlengalenga, lakini alipiga moyo konde akaendelea. "Na ukoka kuwa mwingi hivi ni kosa langu, Mwalimu. Niliukatakata kwa jembe nikaufukia, nikidhani utaoza uwe mboji."

"Nani alikuambia ukoka unaoza namna hiyo?"

"Ulitufundisha kwamba majani mabichi huoza. Ukoka hukuutaja."

Mwalimu alikuna kidevu. "Hapo umenipata. Na mwanzoni ulitoka wapi?"

Hakuna aliyecheka sasa. Wote walijua ulikotoka. Kipimo alimtazama mwalimu wake, akakumbuka katazo la mama, akavuta pumzi.

"Kwa heshima yote, Mwalimu, ulitoka upande wako. Lakini sikuja kukuambia. Ningekuja siku ile ya kwanza, pengine tusingefika hapa."

"Mtoto asibebe lawama hiyo peke yake," alisema mama, akisogea mbele. Uso ulikuwa umemwiva. "Aliniambia mapema. Mimi ndiye niliyemzuia, jirani. Niliona haya kukuendea, wewe mtu wa elimu, nikuambie uwanja wako umekuwa pori."

Mwalimu Mboji alilirudisha daftari kwapani. Alikwenda kwenye uzio, akachuchumaa, akashika uzi mmoja wa ukoka upande wake na kuufuata kwa kidole. Ulipita chini ya waya, ukapita ukingo, ukaingia moja kwa moja kwenye karoti. Alisimama, akafungua daftari, akaifuta ile tisa na kuandika nne. Kipimo aliinamisha kichwa. Lakini kalamu haikuishia hapo. Mwalimu aliteremka hadi mwisho wa orodha, chini ya jina la mwanafunzi wa thelathini na nane, akaandika huku akisoma kwa sauti.

"Wa thelathini na tisa: mwalimu wa kilimo. Alama: sufuri." Akalifunga daftari. "Mganga hajigangi, lakini angalau akubali kwamba anaumwa. Jumamosi nitakuwa hapa na jembe la meno. Atakayependa aje."

Jumamosi walikuja ishirini na mmoja. Mama Kipimo alitoa mabati chakavu aliyoyarundika nyuma ya banda kwa miaka, akayapigilia misumari ya ripiti, ile ya kuunganishia bati, kipande kwa kipande mpaka yakawa ukanda mmoja mrefu. Walichimba mtaro kando ya uzio, kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, wakausimamisha ukanda ndani yake na kushindilia udongo.

"Hapa ukoka utagonga kichwa," alisema mama, akipigapiga bati kwa kiganja.

"Fundi, hili ningelifundisha darasani kama ningelijua," alisema mwalimu.

"Sasa unalijua, jirani."

Halafu ikaja kazi yenyewe. Mwalimu aliwakataza kutumia jembe la kawaida. Aliwaonyesha jinsi ya kutifua udongo kwa jembe la meno bila kukata mizizi, kisha kuushika uzi mmoja wa ukoka na kuufuata taratibu mpaka mwisho wake, kama mtu anayefumua sweta. Kilichotoka kilitandazwa juu ya bati juani, na hakikuondolewa hapo mpaka kilipokauka na kuvunjika mkononi. Kasuku alidai kwamba mzizi wake ulikuwa mrefu kuliko yeye mwenyewe. Kipimo alileta kijiti, akaupima, akampima na Kasuku. Mzizi ulikuwa mfupi kwa viganja viwili, na Kasuku alitaniwa mpaka jioni.

Karoti hazikupona. Ili kuutoa ukoka ilibidi tuta zima lichimbuliwe, na karoti zilitoka ardhini zikiwa nyembamba kama vidole vya mtoto. Kipimo alizikusanya kwenye ndoo. Alilia kidogo nyuma ya banda, akafuta uso kwa mkono wenye udongo, akarudi kazini na mistari miwili shavuni. Jumatatu alipanda miche ya spinachi mahali pale. Kila siku baada ya shule alikagua tuta shubiri kwa shubiri, na alipoona kijani kimoja cha ukoka alikifuata mpaka kwenye mzizi. Upande wa pili wa waya, Mwalimu Mboji naye alifanya vivyo hivyo kila jioni, kabla ya kuvua viatu. Wakati mwingine waliulizana habari, kila mmoja upande wake wa uzio, mkulima na mkulima.

Wiki ya mwisho ya muhula darasa lilizunguka tena. Safari hii Kipimo alipata tisa halali, bila jani moja la kufichia. Lakini tisa na nne ni kumi na tatu. Msichana mmoja mpole aliyekaa dawati la nyuma, ambaye hakuna aliyemtarajia, alikuwa na kumi na saba, na yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa kitalu. Kipimo alimpigia makofi pamoja na wengine. Aliulilia ufunguo ule miaka miwili. Hata hivyo alipogeuka kutazama bustani yake, hakuona hata mahali pamoja ambapo angeogopa mtu kupainamia. Akajikuta amesimama wima.

"Bado bustani moja," Mwalimu Mboji alitangaza. "Nifuateni."

Aliwaongoza hadi upande wa pili wa uzio. Kichaka hakikuwepo. Palikuwa na matuta matano, udongo mweusi umetifuliwa vizuri, maharage yamechipua na nyanya zimeegemezwa kwenye vijiti. Mwalimu alimpa Kipimo daftari na kalamu, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama mikono nyuma kama wanafunzi wanavyosimama.

"Kagua," alisema.

Kipimo alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Basi akaanza kazi. Alipita kila tuta, akainama, akachungulia, akapima kwa kijiti. Alizunguka nyuma ya pipa la maji, akakaa huko muda kidogo. Alipotoka, Kasuku alimnong'oneza, "Mpe kumi, wewe! Huyo ni mwalimu!" Mama Kipimo, aliyekuwa ameegemea uzio upande wake, aliziba mdomo kwa kiganja. Kipimo aliandika.

"Nane," alisema.

Darasa lilishusha pumzi. Mwalimu alinyanyua nyusi. "Nimekosea wapi?"

"Moja ni ukoka, nyuma ya pipa, nyuzi nne. Usipoutoa sasa utarudi wote. Na moja ni maharage, Mwalimu. Yamebanana. Yanataka shubiri moja, umeyapa nusu."

Mwalimu alikwenda nyuma ya pipa mwenyewe. Alirudi na nyuzi nne za ukoka mkononi, mizizi yake yote ikining'inia, akaziinua juu ili wote wazione. Alikuwa anacheka, na macho yake yalikuwa na unyevu.

"Nimefundisha miaka kumi na tisa," alisema, "na sijawahi kupata alama ninayojivunia kama hii nane. Sikilizeni, wanangu. Siku ile Kipimo angenidanganya, angeondoka na tisa yake na leo pengine angekuwa na ufunguo. Ukoka ungebaki kwake na kichaka kingebaki kwangu. Alisema kweli ikamgharimu, na kweli yake imelima bustani mbili. Uongo ni ukoka huu huu. Ukiukata juu unarudi, ukiukatakata unazaa. Ufuateni mpaka kwenye mzizi ungali mdogo. Na ukiwa umetoka kwa jirani, mwendeeni jirani, mseme naye kwa adabu, kabla hamjajaza kinyongo. Hata jirani huyo akiwa mwalimu wenu. Mama Kipimo, nimesema vibaya?"

Mama Kipimo alitikisa kichwa kukataa. Wakati huo huo mteja mmoja aliita kutoka barabarani, mbele ya banda.

"Fundi! Fundi, upo? Nimefuata ndoo yangu!"

Mama hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa yule msichana mwenye daftari, aliyekuwa amezungukwa na darasa zima, akimwonyesha mwalimu wake kwa kijiti mahali pa kupunguzia maharage.

"Subiri kidogo, ndugu yangu," alimjibu kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu. "Mwanangu yuko kazini."